Msimu wa Kurudi Nyumbani: Kutoka Mpagazi wa Unyamwezi hadi Dereva wa Lori



Katika mfululizo huu wa nchi jirani tumezoea kuzitazama nchi kwa mipaka yake, kwa viongozi wake na kwa mikataba iliyotiwa saini. Leo nakuomba uzitazame kwa jicho la mtu anayezivuka kwa sababu ya kazi, yaani dereva wa lori la masafa marefu. Swali tutakalolifuata ni dogo kwa maneno, zito kwa maana: ni nani anayeamua siku ambayo mtu huyo atarudi nyumbani kwake?

Swali hili sikulitunga mimi. Limeletwa na kijana niliyepata kumfundisha, ambaye kwao ni Makambako. Baada ya miaka kadhaa ya kazi ya utingo, amepata leseni ya daraja E, na mkewe amejifungua mtoto wao wa kwanza. Aliniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nimepata kazi mbili kwa mpigo na sijui nishike ipi. Moja ni ya kawaida. Nyingine ina utaratibu ambao wenzangu wanaucheka."

Kazi zote mbili ni za njia moja: kutoka Dar es Salaam, kupitia Tunduma na Nakonde, kuikata Zambia hadi Kasumbalesa, kisha Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni karibu kilomita 2,000 kwenda tu. Katika kazi ya kwanza, dereva ana gari lake peke yake. Hupewa mshahara mdogo, na fedha yake ya kweli hutokana na kila safari anayoikamilisha. Akirudi na pasiwe na mzigo, huenda nyumbani. Mzigo ukiwapo, hugeuza gari na kuondoka. Katika kazi ya pili, madereva watatu hupokezana malori mawili. Kila dereva hukaa barabarani wiki sita, kisha nyumbani wiki tatu. Mshahara ni wa mwezi, haupandi wala haushuki, na posho ya chakula hulipwa kwa siku za barabarani tu.

Wenzake wanacheka kwa sababu mbili. Wanasema kwamba dereva asiye na gari lake ni kibarua, na kwamba wiki tatu za kukaa nyumbani ni wiki tatu za kutopata posho. Mimi sikucheka, wala sikumpa jibu siku ile. Nilimwomba anipe muda, kwa kuwa nilikumbuka kwamba swali lake limekwisha kuulizwa katika nchi hizi kwa zaidi ya karne moja na nusu, nalo limepata majibu zaidi ya moja. Twende pamoja tuyatazame.

Wapagazi na msimu wa mvua

Kabla ya lori na kabla ya reli, mzigo wa Afrika Mashariki ulisafiri kichwani na mabegani mwa watu. Katika karne ya 19, misafara ilitoka Bagamoyo na bandari nyingine za pwani, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, na mingine ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hadi Unyanyembe, safari kwa kawaida ilichukua miezi miwili au mitatu. Mzigo wa mtu mmoja mara nyingi ulikuwa frasila mbili, takriban kilo 32, mbali na chombo chake cha kupikia, mkeka na silaha.

Wanyamwezi walijulikana kuliko wote katika kazi hii. Usidhani kwamba walikuwa watu wasio na makwao, wanaozunguka tu kutafuta mizigo. Walikuwa wakulima. Katika nchi yao mvua huanza karibu na Novemba na kwisha karibu na Aprili au Mei. Baada ya mavuno, kiangazi kilipoingia, vijana waliondoka kwenda pwani na misafara. Mvua zilipokaribia, walitaka kuwa wamerudi mashambani. Upagazi ulikuwa kazi ya kiangazi, na kilimo kilikuwa kazi ya masika. Kwa hiyo mkataba wa Mnyamwezi kwa kawaida ulikuwa wa safari moja: nachukua mzigo huu hadi mahali fulani, kwa ujira fulani, kisha tumemalizana.

Katika utaratibu huo, tarehe ya kurudi haikuwa mikononi mwa mwenye mali. Ilikuwa mikononi mwa mvua. Tajiri aliyechelewa kuondoka, au aliyeusimamisha msafara kwa wiki nyingi akingoja bei ya pembe za ndovu ipande, aliwapoteza wapagazi wake. Wasafiri wa Ulaya waliandika kwa hasira juu ya "utoro" wa wapagazi. Lakini sehemu ya huo walioita utoro ilikuwa hesabu ya mkulima aliyeona mawingu yakikusanyika na kujua kwamba shamba lisilopandwa kwa wakati halisikilizi udhuru.

Yako mambo mengine mawili ya kuyatia akilini. La kwanza ni kwamba misafara mingi iliyotoka pwani ilivunjwa Unyanyembe na kuandikwa upya. Waliobeba mzigo kutoka pwani waliishia hapo, na wengine wakaupokea kuupeleka Ujiji au kwingineko. Kupokezana mzigo, basi, si jambo jipya. La pili ni kwamba wanawake nao walisafiri katika misafara, wengine wakiwa wake wa wapagazi, wakipika na kubeba mizigo. Kwa baadhi ya watu, jibu la swali la nyumbani lilikuwa kuichukua nyumba na kusafiri nayo.

Mshahara usio na tarehe

Pwani palikuwa na utaratibu mwingine. Wapagazi walioitwa waungwana, wengi wao kutoka Zanzibar na miji ya Mrima, waliandikwa kwa mwezi. Walipewa mshahara wa miezi kadhaa kwanza, kisha wakaondoka. Kwa mtazamo wa haraka, utaratibu huu unaonekana bora: msafara ukisimama, mshahara unaendelea, na gharama ya kusubiri ni ya mwenye msafara.

Lakini mshahara wa mwezi hausemi chochote kuhusu mwisho wa safari. Mwezi Novemba 1874, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na mamia ya watu walioandikwa kwa namna hiyo. Walilizunguka Ziwa Viktoria, wakalizunguka Ziwa Tanganyika, wakaufuata Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Waliosalimika walirejea Zanzibar Novemba 1877, baada ya miaka mitatu kamili. Wengi hawakurejea kabisa. Kila mwezi wao ulihesabiwa. Siku yao ya kurudi haikuandikwa popote.

Hapa, msomaji, tayari tuna vipimo viwili vya kuupima utaratibu wowote wa kazi ya safari. Cha kwanza: muda wa kusubiri unakula fedha ya nani? Cha pili: siku ya kurudi inawekwa na nani? Mnyamwezi wa mkataba wa safari alibeba mwenyewe hasara ya kusubiri, lakini alikuwa na siku ya kurudi. Mwungwana alilipwa hata aliposubiri, lakini siku ya kurudi hakuwa nayo. Hakuna aliyepata vyote viwili.

Reli na Kariakoo

Reli ilimaliza upagazi wa masafa marefu. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo wa 1914 vita kuu ya kwanza vikaanza, na upagazi ukarudi kwa sura mbaya kuliko zote. Majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalikusanya wanaume kwa mamia ya maelfu kubeba chakula na risasi, wengi wao kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi.

Ukiwa Dar es Salaam unapita Kariakoo, na ukiwa Nairobi unapita Kariokor. Majina hayo mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita hivyo, likatamkwa na Waswahili kwa ulimi wao. Kila unapoyasikia, kumbuka kwamba ni kumbukumbu ya wakati ambapo hapakuwa na mkataba wa safari wala wa mwezi, na siku ya kurudi haikuulizwa kabisa.

Matope, kisha lami

Sasa tuiendee barabara ambayo kijana wetu ataiendesha. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini, leo Zimbabwe, ilijitangazia uhuru bila idhini ya Uingereza. Zambia, iliyokuwa huru kwa mwaka mmoja tu, ilitegemea reli iliyopita Rhodesia kwa kuingiza mafuta na kutoa shaba. Ghafla njia hiyo ikawa ya mashaka, na mafuta yakakatika. Jirani aliyesalia mwenye bandari na moyo wa kusaidia alikuwa Tanzania.

Mapipa ya petroli yakaanza kupakiwa kwenye malori Dar es Salaam kuelekea Zambia. Barabara ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, yenye milima na kona kali. Mvua ziliponyesha iligeuka tope, na malori yalikwama au kupinduka. Waliozungumza Kiingereza waliiita njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya usafirishaji wa barabara. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kazi kati ya Dar es Salaam na Ndola. Barabara ikatiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Ujirani mwema tunaousifu katika vitabu vya uraia ulisukumwa, kwa siku za mwanzo, na mikono ya madereva.

Hebu sasa linganisha. Mvua iliyomwita mpagazi nyumbani ndiyo iliyomzuia dereva wa mwaka 1966 porini. Kisha lami ikaja, na mvua haikuwa tena na amri kubwa juu ya safari. Lori lenye matairi mazuri huenda Januari kama linavyokwenda Julai. Hilo ni jambo jema kwa Zambia, kwa Kongo na kwa bandari. Lakini lami iliondoa pia kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka kukiuliza: iliondoa msimu. Mzigo sasa upo mwaka mzima, na hakuna mawingu yanayomwambia mwenye mali kwamba mtu huyu lazima arudi kwake. Kilichobaki cha kumrudisha dereva nyumbani ni karatasi ya mkataba, kama ipo.

Foleni ni ya nani?

Tufanye hesabu. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Namba 153 wa mwaka 1979 kuhusu saa za kazi za usafiri wa barabarani, liliweka kipimo: dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa tisa kwa siku, wala zaidi ya saa 48 kwa wiki. Ni nchi chache tu duniani zilizouridhia mkataba huo, kwa hiyo uchukue kama kipimo cha busara. Lori likienda kwa wastani wa kilomita 45 au 50 kwa saa, saa tisa ni kilomita 400 na zaidi kidogo. Basi Dar es Salaam hadi Lubumbashi ni safari ya siku tano za usukani, na kurudi siku tano nyingine.

Ukimwuliza dereva yeyote kama safari hiyo huisha kwa siku kumi, atakucheka. Zilizobaki ni siku za kungoja: kungoja kupakia, kungoja mizani, kungoja hati za forodha, kungoja wakala, kungoja kushusha. Nchi zetu zimejitahidi kuzipunguza. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Hata hivyo, kusubiri kunaweza kuzuka kutoka mahali ambapo dereva hana usemi. Mei 2020, wakati wa UVIKO-19, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Agosti 2024 iliifunga kwa muda mfupi mipaka yake na Kongo, Kasumbalesa ikiwemo, kwa sababu ya mvutano wa kibiashara baina ya nchi hizo mbili.

Ndipo swali la mpagazi linarudi. Mipaka ikifungwa, dereva anayelipwa kwa safari anafadhili mgogoro wa serikali mbili kwa mfuko wake, maana safari isiyoisha haina malipo. Dereva wa mshahara wa mwezi anaendelea kulipwa. Kwa kipimo cha kwanza, basi, kazi ya pili ya kijana wetu ni bora.

Mwaka 2020 tulijifunza jambo jingine. Rwanda, ikijikinga na maradhi, iliagiza kwamba malori yanayoingia kupitia Rusumo yabadilishe madereva mpakani. Madereva wa Tanzania waligoma. Hawakutaka kumkabidhi mtu wasiyemjua gari ambalo wao ndio walioandikishwa kulitunza. Mawaziri wa nchi hizo wakakutana na masharti yakarekebishwa. Fundisho lake ni kwamba kupokezana gari kunawezekana, ila hakutakiwi kuja kwa amri ya ghafla. Anayekabidhi na anayepokea wanapaswa kujuana, na hali ya gari iandikwe: matairi, breki, mafuta, lakiri za mzigo. Bila daftari la makabidhiano, kosa la mmoja litakatwa kwenye mshahara wa mwingine.

Mapumziko na nyumbani ni vitu viwili

Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kwa sheria hiyo, saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, au, kwa makubaliano ya maandishi, saa 60 mfululizo kila wiki mbili. Na likizo ya mwaka ni siku 28. Majirani wana vipimo vyao: Kenya ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na Uganda ni siku saba kwa kila miezi minne ya utumishi.

Soma vizuri. Sheria inazungumzia mapumziko. Haisemi mapumziko hayo yatakuwa wapi. Dereva anayelala saa 24 ndani ya kibanda cha lori lake Kapiri Mposhi, jicho moja likichunga mzigo, amepumzika kwa hesabu ya karatasi. Nyumbani hajafika. Kwa watu wengi, mapumziko na nyumbani ni kitu kimoja, ndiyo maana sheria haikuona haja ya kuvitenganisha. Kwa dereva vimetengana kwa kilomita 1,000.

Kwa kijana wetu jambo hili lina uchungu wa pekee. Makambako iko kando ya barabara hiyohiyo. Katika kazi ya kwanza atapita karibu na mlango wake mara mbili kwa kila safari, na kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari kitamwambia mwajiri akisimama pasipo ruhusa. Ataiona paa la nyumba yake, ataendelea kukanyaga mafuta.

Sasa tazama hesabu ya kazi ya pili. Mzunguko mmoja ni wiki tisa, yaani siku 63. Kwa mwaka ni karibu mizunguko sita, na siku za nyumbani takriban 122. Katika kazi ya kwanza, hata sheria ikifuatwa kikamilifu, likizo na mapumziko ya kila wiki hayafiki siku 80, na sehemu kubwa ya hizo zitaangukia njiani. Usidhani kwamba mwajiri wa pili anatoa sadaka. Malori yake mawili hayalali, kwa kuwa daima yupo dereva aliyepumzika wa kuyaondoa. Ni mapatano ambayo pande zote mbili zina faida, na mapatano ya namna hiyo ndiyo hudumu.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba anayerudi kwa siku mbili ni mgeni katika nyumba yake. Anafuliwa nguo, anachinjiwa kuku, mtoto anamtazama kwa mbali, naye anaondoka kabla hajajua nani mgonjwa na nani anadaiwa ada. Wiki tatu zinatosha kumfikisha mtu kwenye siku ya jembe. Hapo ndipo anapoacha kuwa mgeni.

Nilichomwambia

Nilimjibu kwamba wenzake wana hoja, na asiidharau. Katika mwezi mzuri, dereva wa safari atapata fedha nyingi kumzidi, na mwenye deni la kiwanja hali siku za nyumbani. Pia dereva mpya hujifunza kwa kuendesha. Asiyeendesha theluthi moja ya mwaka atachelewa kuujua mlima na mpaka. Kama shida yake kubwa kwa sasa ni fedha, kazi ya kwanza si ya kuonea haya.

Lakini kama anachotafuta ni kumlea mtoto wake, basi aichukue ya pili, baada ya kuuliza maswali matatu na kupata majibu yake kwa maandishi.

Swali la kwanza: wiki sita zinahesabiwa kwa kalenda, au mpaka gari lirudi? Likijibiwa "mpaka gari lirudi", basi wiki sita ni jina tu, naye yuko katika hali ya waungwana wa mwaka 1874. Tarehe iandikwe. Akikwama Kasumbalesa siku ya 42, ama mwenzake aletwe kulipokea gari, ama siku zilizozidi ziongezwe kwenye siku zake za nyumbani.

Swali la pili: wiki tatu za nyumbani zina mshahara kamili, na je, zimemeza likizo yake ya mwaka na mapumziko yake ya kila wiki? Likizo ni haki inayosimama peke yake. Na wiki sita bila siku ya mapumziko hazikubaliki, hata kama nyumbani kunangoja wiki tatu. Usingizi haukopeshwi kisha ukalipwa kwa jumla.

Swali la tatu: gari linakabidhiwa wapi, na nani anatia saini kwamba lilikuwa zima?

Aliyapeleka maswali yale kwa aliyekusudia kumwajiri. Wiki moja baadaye aliniletea majibu. Tarehe ya kalenda imekubaliwa na kuandikwa. Dereva wa kupokea gari njiani hakukubaliwa, ila siku zitakazozidi zitaongezwa nyumbani. Mshahara ni kamili, likizo imetengwa, na mapumziko ya kila wiki yameandikwa kama sheria inavyotaka. Makabidhiano ni Dar es Salaam, mbele ya fundi, kwa daftari. "Hawakunipa yote, mwalimu," aliandika, "lakini sasa najua tarehe." Ametia saini.

Mpagazi wa Unyamwezi hakuhitaji karatasi kwa sababu mvua ilimwandikia mkataba. Sisi tuliotandika lami juu ya misimu tumebakiwa na wajibu wa kuiandika misimu hiyo wenyewe. Utakapouona msururu wa malori mpakani, kumbuka kwamba katika kila kibanda yumo mtu anayehesabu siku. Raia mwema huuliza kama siku hizo zina mwisho.

Maneno ya kuzingatia

Utingo: msaidizi wa dereva wa lori.
Posho: zamani, chakula au bidhaa za kununulia chakula alizopewa mpagazi njiani, leo, fedha ya kujikimu safarini. Kwa baadhi ya majirani zetu, hasa Uganda, posho pia ni ugali au unga wake.
Frasila: kipimo cha uzito cha biashara ya pwani, takriban kilo 16.
Lakiri: alama au kifungo kinachothibitisha kwamba mzigo haujafunguliwa.
Kupokezana: kufanya kazi kwa zamu, mmoja akiachia na mwingine akishika.

Maswali ya kujadili

1. Mwandishi anatofautishaje "mapumziko" na "nyumbani"? Je, tofauti hiyo iko katika kazi nyingine unazozijua?
2. Kati ya mkataba wa safari na mshahara wa mwezi, upi ungeuchagua, na kwa masharti gani?
3. Mpaka ukifungwa ghafla, ni nani anayepaswa kubeba gharama ya siku za kusubiri: dereva, mwenye lori, mwenye mzigo au serikali? Toa sababu.
4. Tanzania, Zambia na Kongo zote ni wanachama wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Andika aya moja ukieleza kanuni moja ya pamoja ambayo ungependa nchi hizo ziiweke kwa ajili ya madereva.